Mtoto wa Misigiri Mbele ya Muhtasari wa Elimu ya Awali

Wahakiki wetu wamezoea kuzipima riwaya, tamthiliya na tungo za washairi. Ni nadra muhtasari wa masomo kuwekwa mezani ukasomwa kwa jicho lile lile, kana kwamba maandishi ya aina hiyo hayana mtindo, hayana wahusika, wala hayana mambo yaliyoachwa bila kusemwa. Sisi tunaona kinyume. Riwaya isiyofaa humchosha msomaji wake, naye huifunga akalala. Muhtasari ukiwa na kasoro, kasoro hiyo hukaa darasani mwaka mzima, na anayeilipia ni mtoto ambaye hawezi hata kuusoma.

Katika makala haya tunakusudia kuuhakiki Muhtasari wa Elimu ya Awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka 2016. Tunajua kwamba mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutumika katika madarasa ya awali mwezi Januari 2024. Tumeuchagua ule wa 2016 kwa sababu ndio uliokaa mikononi mwa walimu kwa muda wa kutosha hata tukaweza kuyaona matunda yake. Na walimu waliolelewa nao ndio hao hao wanaofundisha kwa mtaala mpya. Mhusika mkuu wa maandishi hayo ni mtoto wa umri wa miaka mitano hivi. Tunauliza: mtoto huyo anaishi wapi? Anasema lugha gani? Na asubuhi, kabla ya kwenda shule, amekula nini?

Ili maswali hayo yasielee hewani, tumechagua mahali pamoja pa kuyapimia, napo ni Misigiri, katika Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Misigiri ni njia panda. Barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega na Mwanza hupita hapo, na tawi lake huchepuka kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Malori yaendayo nchi za jirani huvuma usiku na mchana, mabasi husimama, na wachuuzi huyakimbilia madirishani. Lakini msafiri akigeuka na kuipa lami mgongo, hukutana mara moja na nchi nyingine: mashamba ya mtama, uwele na alizeti, mifugo, na nyumba ambamo Kinyiramba ndicho kinachosemwa tangu alfajiri hadi watu wanapolala. Mkoa wenyewe ni makutano ya watu wengi: Wanyiramba, Wanyaturu, Wasukuma na Wataturu, na jirani zao Wahadzabe ambao lugha yao haina ndugu wa wazi katika bara zima. Mtoto wa Misigiri, basi, ana masikio mawili: moja la barabarani na moja la nyumbani. Hatudai kwamba yeye ni mfano wa watoto wote wa Tanzania. Tunadai tu kwamba muhtasari usiomtosha yeye hauwezi kuitwa wa taifa zima.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina hutoboa siri ya fikira. Wazazi wetu waliita mahali pa kulelea watoto wadogo "shule ya vidudu". Jina hilo lilikuwa la mapenzi na la dharau kwa pamoja. Mtoto alionekana kitu kidogo kinachotambaa, cha kuzuiwa kisidhuru wala kisidhurike mpaka kikue. Baadaye likaenea jina la "chekechea", ambalo masikioni mwetu lina kicheko ndani yake, hata kama wanaisimu wataeleza vingine. Siku hizi kwenye maandishi husemwa "elimu ya awali". Mabadiliko hayo yalikwenda sambamba na historia. Katika siasa ya ujamaa vijijini, vituo vya kulelea watoto mchana vilisaidiwa sana na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, na shabaha yake kubwa ilikuwa kumpa mama nafasi ya kwenda shambani. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo hivyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ikaingiza elimu ya awali rasmi katika mfumo wa shule. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Na tangu Januari 2016 elimu hiyo ikatolewa bila ada katika shule za serikali. Kwa hiyo kidudu amekuwa mwanafunzi. Hiyo ni hatua kubwa, wala hatutaki uhakiki wetu usomwe kama dharau kwa waliotufikisha hapo.

Sasa tuufungue muhtasari wenyewe. Umejengwa juu ya umahiri sita: kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kutumia dhana za kihisabati. Hapa msomaji asipite haraka. Orodha hii haikuanza na kusoma, wala na kuhesabu. Hesabu imewekwa mwisho kabisa. Imeanza na kuhusiana, yaani mtoto ajijue, awajue wenzake, aweze kukaa na watu. Katika jamii ambayo mtu husifiwa kwanza kwa utu wake, mpangilio huo una maana nzito. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, aliilaumu shule iliyomtenga mtoto na jamii yake na kumfundisha kujiona bora kuliko waliomzaa. Tukiutazama muhtasari huu kwa juu juu, tungeweza kusema kwamba lawama hiyo hatimaye imesikika, tena katika darasa la chini kabisa.

Lakini mtu huhusiana kwa lugha. Hapa ndipo tunapoanza kutofautiana na waandishi wa muhtasari.

Sera ya mwaka 1995 ilitamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia elimu ya awali. Tunaiunga mkono nafasi hiyo ya Kiswahili kwa moyo wote. Ndicho kilichotuunganisha, na tangu mwaka 1967 ndicho kilichobeba shule zetu za msingi. Hatuna nia ya kukichimbia shimo. Tunachouliza ni jambo dogo zaidi, nalo limeachwa kimya: mtoto avukeje kutoka Kinyiramba hadi Kiswahili, na nani amshike mkono? Mtoto aliyekulia karibu na barabara huenda akawa ameokota Kiswahili cha wachuuzi na makondakta. Mwenzake wa nyumba za ndani hajakiokota. Wote wawili huingia siku moja katika chumba kimoja, na mwalimu akawauliza majina yao, vitu wapendavyo, na hisia zao, kama umahiri wa kwanza unavyoagiza. Yule wa kwanza hujibu. Wa pili hunyamaza. Ananyamaza Januari, ananyamaza Februari. Nyumbani kwao mtoto huyo huyo hubishana, husimulia, hutania na kumwiga babu yake mpaka watu wakacheka. Lakini kwenye kumbukumbu za maendeleo yake darasani, ukimya wake unaweza kuandikwa kuwa ni kutomudu. Huenda mwalimu si mtu mbaya hata kidogo. Huenda yeye mwenyewe ni mgeni aliyepangiwa kazi kutoka mkoa wa mbali, naye pia hakijui Kinyiramba, na kitabu alichopewa hakikumwambia kwamba ukimya huo ni wa lugha, si wa akili.

Jambo la kushangaza ni kwamba dola yetu imekwisha kusema neno jema juu ya lugha hizi. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilitaka jamii ziendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia, na ikahimiza ziandikwe, zikusanywe na kuhifadhiwa. Kwa hiyo nyaraka mbili za taifa moja zimetazamana bila kusalimiana: moja inataka lugha ya bibi ihifadhiwe, nyingine inampokea mjukuu kana kwamba bibi huyo hakuwahi kusema naye. Majirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine, wakaruhusu lugha ya mahali itumike katika miaka ya mwanzo ya shule. Utekelezaji wao una matatizo yake, hasa mijini, na hatupendekezi kuunakili. Lakini hata kama hatutaki kufundisha kwa Kinyiramba, kuna tofauti kubwa kati ya kukifanya Kiswahili kuwa lango na kukifanya kuwa ukuta. Sentensi moja tu katika maelekezo kwa mwalimu, ya kumruhusu mtoto ajibu kwanza kwa lugha aijuayo na mwenzake atafsiri, ingebadili mengi. Tena huyo mwenzake mwenye kutafsiri angekuwa anatimiza umahiri wa kuhusiana na wa kuwasiliana kwa mpigo mmoja.

Jambo la pili ni zana. Darasa la awali, kwa mujibu wa mwongozo huu, lipangwe kwa kona za kujifunzia: kona ya hesabu, kona ya lugha, na nyinginezo, mojawapo ikiwa ya nyumbani, ambapo watoto huigiza kupika na kulea. Wazo ni zuri, na mwalimu mwenye darasa la watoto ishirini na watano, kama kanuni isemavyo, anaweza kulitekeleza. Tunaoyajua madarasa yetu tunajua pia kwamba kanuni hiyo huvukwa mara mbili na zaidi, na kwamba mahali pengine watoto hukaa sakafuni kwa msongamano hata kona zenyewe hazionekani. Lakini tuliache hilo, maana kila mtu hulilalamikia. Kinachotusumbua kama wahakiki wa utamaduni ni ile picha: nyumba nzima imepewa kona moja. Nyumbani kumekuwa mchezo wa kuigiza, wa dakika ishirini za kipindi, na vyombo vyake ni makopo matupu. Mtoto wa Misigiri hana haja ya kuigiza kupika. Amekwisha kuchambua mboga za mlenda, amekwisha kufukuza ndege kwenye uwele na kuku kwenye mtama ulioanikwa; huenda amekwisha kutumwa kuwahesabu mbuzi jioni na kukaripiwa alipokosea. Hesabu ile ya mbuzi ilikuwa na uzito, kwa kuwa mbuzi aliyepotea ni hasara ya kweli. Muhtasari unapomtaka mwalimu atumie vitu vilivyo katika mazingira, mara nyingi maana yake huishia kwenye vizibo vya soda na vijiti. Mazingira yamekuwa stoo ya vifaa. Ujuzi wa watu wanaoishi humo haukuhesabiwa.

Tuchukue mdako. Watoto, hasa wasichana, huchimba kishimo na kukijaza kokoto. Mchezaji hurusha jiwe moja juu, na kabla halijarudi huzichota kokoto nje ya shimo kwa mkono ule ule, kisha hulidaka. Akirusha tena huzirudisha zote isipokuwa moja, katika duru inayofuata, zote isipokuwa mbili, kisha tatu. Ndani ya mchezo huo mna kuhesabu, kutoa, kukadiria, shabaha ya mkono na jicho, kungoja zamu, kukubali kushindwa, na mabishano makali ya kisheria juu ya nani kagusa kokoto isiyo yake. Ukiupima kwa umahiri ule sita, mchezo huu unagusa angalau mitatu. Na hauna gharama hata ya senti moja. Hata hivyo huchezwa wakati wa mapumziko, nje, na kengele ikilia kokoto huachwa shimoni, watoto wakaingia ndani kuimba namba kwa pamoja kutoka moja hadi kumi.

Hapa tuongeze waraka wa pili, kwani mtoto mmoja ameandikiwa vitabu viwili. Mwaka 2018 mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalitoa mwongozo wa malezi ya mtoto mdogo wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Nchi yetu ikauchukua, na mwezi Desemba 2021 ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26, kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Neno "jumuishi" limewekwa hapo kwa sababu njema, kwa kuwa afya, elimu na ustawi wa jamii zilikuwa zimemgawana mtoto vipande. Hata hivyo muhtasari uko chini ya wizara ya elimu na programu iko chini ya wizara ya maendeleo ya jamii; na mwalimu wa awali, ambaye ndiye anayekutana na mtoto mzima kila asubuhi, hupimwa kwa ule wa kwanza na kuhubiriwa ule wa pili katika semina.

Lishe itatuonyesha jinsi vitabu hivi viwili visivyojua nchi viliyoingia. Singida ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza karibu na Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Mavuno huja baada ya hapo. Mwaka wa shule nao huanza Januari. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka mitano huingia shule kwa mara ya kwanza katika miezi ile ile ambayo ghala za wengi zinapungua, mama yuko palizini tangu kabla ya jua, na aliyebaki nyumbani wa kumkorogea uji ni dada yake, naye pia ni mwanafunzi. Katika utafiti wa taifa wa mwaka 2022, watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walionekana wamedumaa. Walikuwa 34 katika utafiti wa 2015 na 2016. Maendeleo yapo. Lakini darasani takwimu hiyo ina sura: ni mtoto anayesinzia saa nne asubuhi. Muhtasari unamfundisha kutunza afya, anawe mikono na kutaja vyakula bora. Anaweza kuvitaja vyote kwa usahihi huku tumbo likiwa tupu, na akapewa alama ya kumudu. Uji wa mtama unaochangiwa na wazazi wakati wa mavuno na kuwekwa akiba mpaka Februari ungekuwa ukurasa bora zaidi katika sura ile ya afya, na wazazi wengi vijijini wamekwisha kuonyesha kwamba michango hiyo inawezekana uongozi ukiwa mwaminifu.

Kuhusu ulinzi na usalama hatuna maneno mengi. Misigiri, nguzo ya tano ni lami. Mtoto anayevuka barabara kuu akienda shule anahitaji mtu mzima wa kumvusha.

Neno "mwitikio" linatupendeza, ingawa kirai chenyewe kina harufu ya tafsiri. Linatokana na kuitika: mtu anaita, mwingine anaitika. Watakuwapo wasomaji watakaosema kwamba basi hatukuhitaji nguzo wala programu, maana wazee wetu walijua kulea, na jioni za vitendawili, za kutega na kutegua, zilikuwa chuo tosha. Kauli hiyo hatuwezi kuipokea ilivyo. Ni kweli kwamba hadithi na vitendawili vilimzoesha mtoto kuitika. Lakini ni kweli pia kwamba katika nyumba nyingi mtoto aliruhusiwa kuitika tu, si kuita. Aliyeuliza sana mbele ya wakubwa alichapwa. Mtoto mchanga alibebwa siku nzima bila kusemeshwa, na aliyembeba mara nyingi alikuwa dada yake wa miaka minane, ambaye kwa ajili hiyo hakwenda shule, au alikwenda akiwa na mzigo mgongoni. Utamaduni wa kulea kwa pamoja tunaousifu umebebwa na migongo ya watoto wa kike, na uhakiki usiosema hivyo ni wa kujipendekeza. Mahali hapa programu ya 2021 inaushinda usia wa mababu, na inafaa ikubaliwe.

Kwa mintarafu ya kuunganisha mambo haya, tunaweza kujifunza kwa watu wa mbali. Mwaka 1996 New Zealand ilitoa mtaala wa watoto wadogo uitwao Te Whāriki, jina ambalo kwa lugha ya Kimaori maana yake ni mkeka uliosukwa. Humo ustawi wa mtoto na hali ya kujiona ni wa mahali fulani ni miongoni mwa nyuzi zenyewe za msuko. Hazikutungiwa waraka mwingine na wizara nyingine. Sehemu yake ya Kimaori haikuwa tafsiri ya ile ya Kiingereza, bali iliandikwa kwa fikira za Wamaori wenyewe. Nao mkeka huo uliachiwa nafasi, ili kila kituo kisuke upande wake kwa nyuzi za mahali pake. Nchi ile ina mali kuliko yetu na watoto wachache kuliko wetu, kwa hiyo tusiige kila kitu. Lakini kuacha nafasi katika kitabu hakuhitaji mali.

Hapo ndipo tulipotaka kufika. Kasoro kubwa ya muhtasari wa 2016, kwa maoni yetu, haimo katika yaliyoandikwa. Umahiri sita ni mwema, na uliotangulia ndio uliostahili kutangulia. Kasoro ni kwamba kurasa zake zote zilijazwa Dar es Salaam. Hakuna ukurasa ambao mwalimu wa Misigiri alitakiwa aujaze yeye, akishirikiana na wazazi, kwa michezo ya hapo, vitendawili vya hapo, maneno ya Kinyiramba ambayo mtoto atakuja nayo siku ya kwanza, miezi ambayo njaa hubisha hodi, na mahali ambapo watoto huvukia barabara. Kiongozi cha mwalimu kitakapochapishwa tena, kila wilaya ipewe humo kurasa tupu zenye vichwa vya habari tu. Kwa Iramba, ishirini zingetosha kuanzia, na ya kwanza tungeshauri iwe ya mdako.